BUSTANI YA NYUMBANI: Mpapai Haujulikani kwa Jani

Miongoni mwa miti ipandwayo nyuma ya nyumba, hakuna uletao ubishi baina ya majirani kama mpapai. Mwembe ukipandwa hungojewa. Mgomba hukatwa ukisha kuzaa. Lakini mche wa mpapai, ungali na urefu wa goti, tayari umekwisha kuhukumiwa. Jirani hupita, huinama, hugeuza jani moja kwa kidole, kisha hutoa uamuzi: "Mama, huu ng'oa. Tazama jani lake. Huu ni dume." Na mara nyingi mche huo hung'olewa jioni ile ile.

Ubishi huu hausikiki katika nchi moja tu. Husikika Kigoma na Unguja, Uvira na Bujumbura, na husikika pia Malawi, katika Wilaya ya Dowa. Kutoka Lilongwe, barabara kuu iendayo kaskazini hupita Mponela na Madisi kabla ya kufika Kasungu. Katika wilaya hiyo hiyo yako makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza hapo awali. Makazi hayo yalikusudiwa kuchukua watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zisikikazo sana huko. Nyumba za matofali ya udongo zimesongamana, na kipande cha ardhi kilichobaki mlangoni mwa kila nyumba ni kidogo. Msaada wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya hivi karibuni.

Kwa familia ya namna hiyo, nafasi ya mipapai minne si jambo la mchezo. Hali haitofautiani sana na ya familia za askari na polisi zikaazo katika nyumba za kambini, ambako uwanja ni ule ule, uwe mchache au mwembamba. Papai lililoiva humpa mtoto vitamini C kwa wingi, na rangi yake ya manjano au nyekundu ni dalili ya viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho. Mti mmoja uliostawi huzaa matunda mengi kwa mwaka. Kwa hiyo swali la mche upi ubaki na upi uondolewe ni swali la chakula cha nyumba nzima.

Ubaya wa kuondoa mche usiostahili ni kwamba kosa halionekani siku ile. Huonekana baada ya miezi mingi, pale mti uliobakizwa unapochanua mashada marefu yaning'iniayo na kukataa kuzaa. Wakati huo ule mche mwingine umekwisha kuwa mbolea.

Jinsia tatu, wala si mbili

Ili kuuelewa ubishi huu, yafaa kwanza kuujua mpapai wenyewe. Asili yake ni Amerika ya Kati na kusini mwa Meksiko, na ulifika Afrika baada ya Wareno na Wahispania kuanza safari zao za baharini. Mimea mingi duniani hubeba sehemu za kiume na za kike katika ua lile lile, kama afanyavyo mharagwe, au katika mmea ule ule, kama ulivyo mhindi wenye ua la kiume kileleni na gunzi ubavuni. Ni takriban aina 6 tu katika kila 100 za mimea itoayo maua ambazo dume na jike ni mimea mbalimbali kabisa. Mpapai umo katika kundi hilo, lakini una jambo la ziada: upo mpapai dume, upo mpapai jike, na upo wenye jinsia mbili, ambao huitwa pia huntha.

Mpapai jike huzaa matunda ya mviringo, lakini huhitaji chavua kutoka mti mwingine. Usipoipata, huangusha maua yake au hutoa matunda machache yasiyo na mbegu. Mpapai huntha hujichavusha wenyewe na huzaa matunda marefu, yale yapendwayo sana na wafanyabiashara wa sokoni. Mpapai dume hauzai, ila ndio utoao chavua kwa majike. Jinsia hiyo huamuliwa tangu mbegu ingali ndani ya tunda, kama ilivyo kwa mtoto tumboni mwa mamaye. Haibadilishwi na mbolea, wala na mwezi, wala na mkono wa aliyepanda.

Yasemwayo juu ya jani

Sasa na yasikilizwe yale yasemwayo. Wapo wadaio kwamba jani la dume limechanika sana, na la jike limejaza. Wapo wengine wasemao kinyume chake kabisa. Wapo watazamao kikonyo cha jani, na kuamini kwamba chenye rangi ya zambarau ni cha jinsia moja na cha kijani ni cha nyingine. Wengine huacha jani wakaenda kwenye mzizi: mzizi mmoja ulionyooka, dume, mizizi iliyogawanyika, jike. Wengine huanzia mbali zaidi, kwenye mbegu, wakichagua nyeusi na kutupa zilizopauka.

Mtu akiwaweka wataalamu hawa wote chini ya mti mmoja, ataona ajabu. Kila mmoja ana hakika, na hakika zao hazipatani. Hilo peke yake lingetosha kumtia msikilizaji shaka.

Ukweli ni huu: jani la mpapai hubadilika sana, lakini halibadiliki kwa ajili ya jinsia. Hubadilika kwa umri. Jani la kwanza la mche mdogo halina mikato ya kuonekana. Yafuatayo huwa na ncha tatu. Kadiri mche unavyokua, majani mapya hutoka yakiwa na ncha tano, kisha saba au zaidi, na mikato huzidi kwenda ndani. Kwa hiyo miche miwili iliyopishana majuma machache katika kuota itaonekana kuwa ya jinsia mbili, kumbe ni mkubwa na mdogo. Mche ulio kivulini mwa ukuta hutoa jani tofauti na ule ulio juani. Mche uliomwagiwa samadi hutofautiana na ule ulioachwa kwenye udongo mkavu. Rangi ya kikonyo nayo hufuata ukoo wa mbegu: ipo mipapai ambayo ukoo wake mzima una vikonyo vya zambarau, madume kwa majike.

Mwaka 2004 wanasayansi waliokuwa wakiichunguza mipapai ya Hawaii, nchini Marekani, walitangaza kwamba mmea huu una kromosomu za jinsia, mfano wa zile za binadamu, ila zingali changa katika historia ya mmea. Zinatofautiana katika sehemu ndogo tu. Ndiyo sababu ya dume na jike kufanana kwa kila kitu mpaka siku ya kuchanua. Leo maabara inaweza kuchukua kipande kidogo cha jani la mche mchanga, ikakipima, na kutaja jinsia kwa uhakika. Basi jibu limo ndani ya jani, lakini halikuandikwa usoni pake. Macho ya jirani hayafiki huko.

Ubishi wa mbali na wa karibu

Watu wa Dowa na wa Kigoma wasijione kuwa ni wao tu waliotegwa na jani. Huko Japani uko mti wa kale uitwao ginko, ambao dume lake na jike lake ni miti mbalimbali. Jani lake lina umbo la kipepeo cha mkono. Tangu zamani imesemwa na watu wa huko kwamba jani lililopasuka katikati, mfano wa suruali, ni la dume, na lisilopasuka, mfano wa sketi, ni la jike. Maneno haya ni matamu na ni rahisi kukumbukwa. Lakini ginko moja hutoa majani ya namna zote mbili: machipukizi marefu hutoa majani yaliyopasuka zaidi, na vijiti vifupi hutoa yaliyojaza. Anayetaka suruali na sketi atavipata vyote katika mti ule ule.

Je, ipo basi mimea ambayo jani hutofautisha dume na jike kweli? Ipo. Huko Rasi, kusini mwa Afrika Kusini, kuna vichaka viitwavyo leukadendroni. Katika baadhi ya aina zake, dume lina matawi mengi membamba yenye majani madogo na mashada mengi ya maua, na jike lina matawi machache manene yenye majani makubwa zaidi. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mgeni angedhani ni aina mbili za mimea. Sababu yake inaeleweka. Kazi ya dume huisha chavua ikitoka; kazi ya jike ndiyo kwanza huanza, kwa kuwa vichwa vyake vya mbegu ni vizito na huhitaji tawi nene la kuvibeba. Tawi nene nalo hubeba jani kubwa. Yaani pale jani linapotofautiana, hutofautiana kwa sababu ya mzigo. Mche wa mpapai wa urefu wa goti haujabeba mzigo wowote. Dume na jike bado wanafanya kazi moja: kukua.

Mfano ulio karibu zaidi na Dzaleka ni masuku. Mti wake, uitwao mkusu katika sehemu za Tanzania, hustawi katika misitu ya miombo ya Malawi, Zambia na Tanzania, na matunda yake huuzwa kandokando ya barabara msimu wake ufikapo. Msuku nao una dume na jike, na jani pana, gumu, lenye mishipa ya wazi, ni la wote wawili. Apandaye mbegu ya msuku aweza kungoja miaka kumi au zaidi, ndipo agundue kwamba amelea dume. Kwa ajili hiyo watafiti wa miti na kilimo waliokuwa Makoka, karibu na Zomba, walifanya kazi kwa miaka mingi kuchagua miti bora ya majike, kukata vikonyo vyake na kuviunga katika miche. Mti uliounganishwa hivyo huwa na jinsia ya mti ulikotoka, na huzaa mapema zaidi. Hawakutafuta siri katika jani. Waliuendea mti ambao umekwisha kuzaa.

Hivyo ndivyo wafanyavyo pia wenye mitende huko Omani, ambako Waswahili wengi wana ndugu. Mtende nao ni dume na jike. Mwenye shamba hapandi kokwa na kubahatisha; huchukua chipukizi lililoota shinani mwa mtende jike unaojulikana, akalihamisha. Madume machache hubakizwa, na chavua yake hupelekwa kwa mkono katika maua ya majike, hata dume moja likatosheleza majike yapatayo hamsini. Elimu hii ni ya maelfu ya miaka. Huko Ulaya ilichukua muda kuipata: ni mwaka 1694 ambapo mganga wa Kijerumani, Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen, alieleza majaribio yake yaliyoonyesha kwamba mmea jike uliotengwa na dume hautoi mbegu ya kuota.

Hesabu ya shimo moja

Kwa mpapai, uungaji na chipukizi si njia za kawaida za nyumbani. Mwananchi hupanda mbegu. Basi na aielewe hesabu ya mbegu hiyo.

Ikiwa mbegu imetokana na mpapai jike uliochavushwa na dume, nusu ya miche itakuwa majike na nusu madume. Mche mmoja katika shimo ni sawa na kurusha sarafu. Mtu akipanda mashimo manane yenye mche mmoja mmoja, atarajie majike manne hivi.

Akipanda miche mitatu katika kila shimo, hesabu hugeuka. Uwezekano wa miche yote mitatu kuwa madume ni 1 katika 8. Maana yake, katika mashimo manane, saba yatarajiwe kuwa na jike angalau mmoja. Miche ikiwa minne kwa shimo, uwezekano wa kukosa jike ni 1 katika 16 tu. Hii ndiyo sababu ya mabwana shamba kushauri miche mitatu au minne, ipunguzwe baadaye na kubaki mmoja.

Neno zito hapa ni "baadaye". Mtu anayepanda miche mitatu, kisha baada ya miezi miwili akaipunguza kwa kutazama majani, amejirudisha mwenyewe kwenye ile sarafu. Alikuwa na nafasi 7 katika 8 za kula papai kutoka shimo lile. Sasa ana nafasi 1 katika 2. Jasho la kuchimba ni lile lile, maji aliyochota ni yale yale, mbolea ni ile ile. Alichotupa ni ile faida yenyewe iliyomfanya apande miche mitatu. Katika mashimo manane, amejipunguzia miti mitatu izaayo kwa jioni moja ya kazi ya jembe.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwanza, kwa sababu abahatishaye hupatia nusu ya mara zote. Mtu aliyebakiza miche minne na kupata majike mawili hukumbuka yale mawili, na kusema kwamba jani halidanganyi. Yale madume mawili husema yaliharibiwa na udongo. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mche uliokatwa hautoi ushahidi. Aliyeung'oa kwa kuushuku udume hataona kamwe ua lake. Kila polisi anajua kwamba shauri haliwezi kuthibitishwa kwa kumwondoa mshtakiwa kabla hajasikilizwa. Katika bustani, hukumu za namna hiyo hutolewa kila msimu, na hakuna rufani.

Mwenye kutaka kuhakikisha asibishane, na ajaribu. Shule yenye bustani yaweza kufanya jaribio hili bila gharama. Miche ishirini ipewe namba kwenye vibao. Kila mwenye ujuzi wa jani aandike katika daftari namba ipi ni dume na ipi ni jike, daftari lifungwe na kuwekwa kabatini kwa mwalimu. Mche hata mmoja usikatwe. Maua yakitoka, daftari lifunguliwe mbele ya wote. Anayejua kweli atapatia zote au karibu zote. Anayebahatisha atapatia kama kumi. Watoto watakuwa wamejifunza mimea, hesabu na uungwana wa kukubali ushahidi, vyote katika somo moja.

Ua ndilo shahidi

Katika nchi ya joto, mpapai huanza kuchanua kati ya mwezi wa tano na wa nane tangu kupandwa. Katika uwanda wa juu wa Lilongwe na Dowa, ambako mwinuko huzidi mita 1,000 na baridi hushuka kati ya Mei na Agosti, ukuaji hupungua kasi. Mche uliopandwa kwa mvua za Desemba huenda usionyeshe ua mpaka baridi ipite. Huo si ukaidi wa mti, na wala si dalili ya udume.

Ua litokapo, kulitambua si kazi ngumu. Ua la dume hutoka katika ushada mrefu wenye matawi, unaoning'inia mbali na shina, na maua yenyewe ni madogo, membamba na mengi. Ua la jike hukaa karibu kabisa na shina, peke yake au mawili matatu, nalo ni nene chini. Likipasuliwa, ndani yake huonekana papai dogo la kijani, na hakuna vikonyo vya chavua. Ua la huntha nalo hukaa karibu na shina, lakini kijipapai chake ni chembamba na kirefu, na kimezungukwa na vikonyo vya chavua. Kupasua ua moja kwa wembe hakuudhuru mti, na humaliza ubishi wa miezi sita.

Hapo ndipo upunguzaji ufanywe. Katika kila shimo ubaki mti mmoja, jike au huntha, ulio imara zaidi. Iliyosalia ikatwe usawa wa ardhi badala ya kung'olewa, ili mizizi ya uliobaki isijeruhiwe. Utomvu wake usiguse macho, na watoto wawekwe mbali wakati wa kukata. Madume yote yasiondolewe kama majike ndiyo mengi: dume moja kwa majike kumi au kumi na matano latosha, na lile la jirani lililo karibu laweza kutumika na nyumba zote za mtaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Kenya ulionyesha kwamba nondo wakubwa warukao wakati wa machweo ndio wachavushaji muhimu wa mipapai, na kwamba mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili hutembelewa nao zaidi. Ua la jike halina asali. Nondo hulifikia kwa kudhani ni la dume. Mtaa usio na dume hata moja na usio na huntha utakuwa na majike yenye maua mazuri na matunda haba.

Upo pia udanganyifu mwingine usiokuwa wa jani. Husemwa kwamba dume likipigwa msumari shinani, au likikatwa kilele, litageuka jike kwa woga. Ni kweli kwamba mpapai dume mara nyingine hutoa matunda machache mwishoni mwa vile vishada virefu, hasa majira yanapobadilika. Hufanya hivyo hata bila msumari. Mwenye msumari hujipatia sifa ya jambo ambalo mti ulikuwa unalifanya wenyewe, na shina lililotobolewa hufungua mlango wa kuoza.

Mbegu, shimo na maji

Anayetaka kupunguza madume asianze na jani; aanze na tunda. Mbegu za papai refu, lililotokana na mti wa huntha uliojichavusha, hutoa theluthi mbili za huntha na theluthi moja ya majike, na dume hata moja halimo. Ikiwa huntha huyo alipata chavua ya dume la jirani, theluthi moja ya miche yaweza kuwa madume, na hiyo bado ni nafuu kuliko nusu. Papai la mviringo, ambalo baba yake hajulikani, ni bahati nasibu. Kwa hiyo mama aendaye sokoni Madisi au Lilongwe kununua papai la kula, na aliangalie umbo lake kabla hajazitupa mbegu zake. Mbegu zioshwe mpaka ule utando wake utelezao uishe, zikaushwe kivulini, kisha zisiwe kitaluni mwezi Septemba ili miche iwe tayari kwa mvua za kwanza.

Shimo liwe na upana wa sentimeta 60 na kina kama hicho, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza au mboji. Miche mitatu ipandwe kwa mfano wa mafiga, ikiachana kiasi cha shubiri moja, ili kila mmoja upate mwanga. Kutoka shimo hadi shimo ziwe mita 2 na nusu hadi 3. Penye udongo mzito, udongo uinuliwe kama tuta, kwa kuwa mizizi ya mpapai haivumilii maji yaliyotuama hata kwa siku chache. Maji yaliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yafaa kumwagiwa wakati wa kiangazi.

Familia ambayo uwanja wake hautoshi mashimo manane isivunjike moyo. Mashimo mawili yenye miche mitatu mitatu yana nafasi 63 katika 64 za kutoa jike angalau mmoja, mradi jembe lisipite kabla ya ua. Na familia ya askari ihamishwayo kabla ya mavuno haijapoteza kitu chote: watakaoingia katika nyumba ile watakula, na huko iendako huenda ikakuta mpapai uliopandwa na wengine.

Jirani atakapopita tena na kugeuza jani kwa kidole, mwenye nyumba hana haja ya kugombana naye. Amkaribishe kiti, amshukuru, na amwombe arudi baada ya baridi, mipapai itakapokuwa imechanua.